Mishumaa ya Fănel Yaonekana Torino

Fănel Burlacu aliingia kanisani kukwepa mvua, na humo akaiona riziki. Padri Ilarion alikuwa ameisimamisha simu yake mbele ya madhabahu, inarusha ibada mubashara mpaka Torino, ughaibuni, kwa wanawake wa mji huu wa Brăila waliokwenda huko kuogesha wazee wa watu kwa ujira. Kiwanda chao cha mashati kiliuzwa cherehani kwa cherehani na mabwana ambao leo wanasimama safu ya mbele, wakipiga ishara ya msalaba kama watu wasiokumbuka kitu. Wanawake wale wanakumbuka. Lakini Fănel hakuja kukumbuka. Alikuwa anatazama kioo cha simu: vijimioyo vyekundu vinaruka kama viroboto, na mwanamke mmoja kaandika, "Laiti ningewasha mshumaa huko kwetu."

"Utawasha, mama," Fănel akanong'ona. "Wewe tuma euro tu."

Wiki haijaisha, gereji yake imekuwa hekalu: picha za watakatifu zilizokatwa kwenye kalenda, ubani wa kukohoza, na masanduku mawili ya mchanga wa kuchomekea mishumaa, moja juu na moja chini, kama alivyoona kwa padri. Akajiweka mbele ya simu, sauti inatiririka asali.

"Dada zangu mlio ugenini! Taja jina, tuma ulichojaliwa, uuone mshumaa wako ukiwaka. Huu wa kwanza ni wangu mimi, Mungu anipe umri mrefu!"

Akauchomeka kwenye sanduku la chini. Pesa zikamiminika. Waume, wana, wajukuu, wote akawapanga huko huko chini, maana la juu lilitaka mtu anyooshe mkono, na Fănel hakuzaliwa kwa kazi ngumu. Tangu abatizwe alikuwa haendi kanisani ila kwa mvua. Hakujua jambo linalojulikana na kila mtoto wa Brăila: sanduku la juu ni la walio hai, la chini ni la marehemu.

Kule Torino, Zamfira Cojocaru, aliyeongoza mgomo wa mwisho kiwandani na hajamsamehe mtu mpaka leo, alimwona mwanawe Gicu akizikwa mubashara. Akapiga simu.

"We mshenzi, mwanangu kakukosea nini mpaka umzike?"

"Nani kazikwa, mama? Mshumaa si unawaka?"

"Unawaka kwa maiti! La chini ni la marehemu, punda wewe!"

Fănel akageuka. Mshumaa wake mwenyewe ulikuwa umebaki kipisi. Mbavu, zilizokuwa zikimchoma tangu asubuhi, zikamchoma zaidi.

"Mama Zamfira... na mimi je? Nitakufa?"

Zamfira alikuwa amepiga ili atukane. Sasa akasikia jinsi sauti ile inavyotetemeka, akamkumbuka mama yake na vikongwe wenzake walioachwa Brăila na supu ya maharage. Akalainika ghafla.

"Pole, mwanangu. Wetu tutawaombea huku. Wewe umejichomeka kwa mkono wako mwenyewe. Dawa ni karamu ya matanga yako, ungali hai. Si unajua wazee wanafanya?"

"Nimesikia."

"Basi waalike mama zetu wote. Sarmale zako zijae nyama, usituletee kabichi iliyofungia wali mtupu. Divai iwepo. Kisha ugawe vitu vyako kama vya marehemu: kitanda, koti, na hiyo simu."

"Hata simu?"

"Simu kwanza. Mpe mama yangu."

Wakaja, vikongwe na sufuria zao za kubebea. Pesa za Torino zikarudi nyumbani kupitia matumboni. Bi Lixandra, mama yake Zamfira, akainua simu aliyorithi, na kwenye kioo wanawake wakaonekana wamejibana jikoni mwa tajiri fulani, wanacheka mpaka machozi.

"Mama, umeshiba?"

"Nimeshiba na cha kesho nimefunga! Marehemu ana mkono wazi!"

"Mungu amrehemu!" wakaitikia wote, na marehemu naye akaitikia amina, mbavu zimeacha kuuma.

Jumapili Fănel alimwendea Padri Ilarion, bila koti, akamsimulia kila kitu.

"Sasa nithibitishie, baba. Nimerudi kwa walio hai?"

Padri alijifuta macho, isijulikane ni kicheko au huruma.

"Watu hukosea sanduku kila siku, mwanangu."

"Na wao hufanyaje?"

"Huuchomoa mshumaa, wakauchomeka kwenye la juu."