Redio ya Mama Walburga

Liuli, Jumatatu, 4 Septemba 1995
Antena imesimama! Mita ishirini za waya wa shaba, kutoka paa letu hadi kwenye msufi wa nyuma ya nyumba. Kila ncha nimeifunga shingo ya chupa ili umeme wa mawimbi usipotee. Tangu biashara iruhusiwe, Abdulazizi mwenye duka ameleta redio kaseti yenye taa nyekundu, na kijiji kizima kinajaa barazani kwake. Sasa watahamia kwangu.
Kasoro moja: sina redio. Yangu niliifungua mwezi wa tatu. Haijafungika.

Jumanne, 5 Septemba
Jirani yetu, Mama Walburga, ameniazima yake. Alisita. Kaka yake Ignatio anaumwa sana huko Songea, na habari za namna hiyo hutufikia kwa matangazo ya redio. Nikamwahidi ataisikia Dar kana kwamba imeketi mkekani kwake. Akaniamini!
Redio inatumia betri nne, yaani volti sita. Nikawaza: betri ya gari ina volti kumi na mbili, si nguvu maradufu? Sauti ilitoka safi kabisa. Nusu neno. Kisha moshi. Mke wangu Hilda akauliza kinanuka nini. Nikasema vumbi.

Jumatano, 6 Septemba
Mama Walburga amekuja mara mbili. Nimemwambia redio bado inaizoea antena. Inaizoea! Akashukuru, akaniita Fundi. Nilitamani ardhi inimeze.
Nimebadilisha transista. Moshi tena, ila mdogo. Maendeleo.

Alhamisi, 7 Septemba
Ignatio amefariki. Tangazo limesomwa mchana, barazani wote wamesikia. Abdulazizi alifunga duka, akaja mbio kumwambia mwenyewe. Mimi nilikuwa juu ya msufi nakaza waya. Nilimsikia Mama Walburga akisema, “Redio yangu iko kwa Fundi.” Hakusema kwa hasira. Heri angenitukana.
Lori la Songea lilishaondoka asubuhi. Abdulazizi akampeleka kwa gari lake. Sikushuka mpaka walipotoweka.
Hilda amejua. Amesema tu, “Kamwambie, Baba Elias.”

Jumapili, 10 Septemba
Mama Walburga amerudi. Aliwahi kutia udongo kaburini, namshukuru Mungu. Nilikwenda msibani, nikasema mbele ya watu wote, “Pole sana, mama. Redio nimeiunguza mimi.”
Akanijibu, “Nilijua, baba. Moshi uliingia dirishani kwangu siku ileile.”
Kumbe alikuja mara mbili ili nipate nafasi ya kusema. Nililia. Abdulazizi akaniletea kiti. Hicho kiti kiliniumiza kuliko yote.

Jumatatu, 11 Septemba
Abdulazizi amemwazima Mama Walburga redio kaseti yake mpaka msiba uishe. Ina mkwaruzo kidogo, sikio langu halidanganyiki. Nimemwomba mama niitazame, nimrudishie kabla ya jua kuzama. Alikuwa anasali, hakukataa.
Skrubu ziko sita. Tano zimeshatoka.