Mgongo wa Winchi

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa! Asubuhi msimamizi ametukusanya vibarua wote mbele ya rundo la saruji. Kaleta mwalimu wa usalama, eti atufundishe kunyanyua mizigo. Mimi! Mimi ambaye kila saiti wananiita Winchi, kama ile mashine ya kupandishia mizigo! Nikainua macho nimwone huyo mwalimu. Pacha! Pacha wangu yuleyule wa kazi, si wa kuzaliwa, niliyebeba naye maboriti tangu hatujaota ndevu, kabla hajatoweka. Yeye mbele, mimi nyuma, bega la kulia, wimbo mmoja. Enzi zile ghorofa zilipanda kwa mabega. Mwenzako akikohoa tu, unajua anataka kutua mzigo.

Sasa Pacha ana kizibao cha rangi ya limau na filimbi shingoni. Kasema tukunje magoti, mgongo unyooke, mzigo ukae karibu na tumbo. Kugeuka ni kwa miguu, si kwa kiuno. Halafu kanitoa mimi mbele, mfano wa mtu asiyejua. Vijana wakacheka. Sitasahau.

Jumanne, 5 Machi

Msimamizi katangaza: asiyefuata mafunzo atahamishiwa getini. Kisha kanitazama mimi. Getini! Nishinde kwenye kiti, magari yakinipigia honi!

Lakini nina mpango. Mpango mtamu. Kwa seremala kuna maranda tele. Nimejaza mfuko mtupu wa saruji, nikaushona mdomo vizuri. Kesho, msimamizi akipita, nitauinua kwa mkono mmoja huku napiga mluzi.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia kumbukumbu tu. Haikuwa uongo wote. Nilikuwa nakumbuka alivyokuwa akituletea chai saiti, bado mchumba. Nikimwona anakuja, saruji inakuwa pamba.

Jumatano, 6 Machi

Sina bahati! Nilikuwa nimeuweka mfuko wangu juu ya rundo. Kabla sijausogelea, Pacha akapuliza filimbi: leo mazoezi kwa vitendo. Akauchagua mfuko upi? Wangu!

Alikuwa ametusisitizia kwamba mtu ausukume mzigo kidogo kwanza, ajue uzito wake. Mwenyewe hakuusukuma. Akatanua miguu, akakunja magoti, akaukumbatia, akavuta pumzi, akanyanyuka kwa nguvu zote. Mfuko ukapaa. Pacha naye akaenda kinyumenyume, akaketi kwenye zege bichi. Pwaa! Saiti nzima ikaangua kicheko. Mimi nikacheka kuliko wote, na hapo ndipo nilipojichongea.

Pacha akanitazama. Ananijua. Akajifuta zege makalioni, akasema kwa upole, "Haya, Winchi. Njoo uwaonyeshe zamani tulifanyaje." Akanionyesha kwa kidole mfuko uliokuwa chini ya ule wangu. Saruji halali!

Ningekunja magoti, ningeonekana nimeshindwa. Nikainama kwa kiuno, miguu wima kama nguzo, nikajipinda niutupe begani kwa mkupuo mmoja. Kitu kikalia mgongoni: ka! Mfuko ukabaki chini. Mimi nikabaki nimeinama, natazama viatu vyangu. Wamenitoa saiti kwa toroli. Aliyelisukuma ni Pacha.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimelala chali. Daktari kasema misuli imevutika, nisibebe hata ndoo. Mke wangu ananikanda kwa maji ya moto na kwa maneno. Msimamizi katuma salamu: nikipona, getini. Machozi yakanitoka. Nikasingizia dawa ya kuchua.

Jioni Pacha akaja. Nikajifanya nimelala. Akasema nisijisumbue, nikilala kweli huwa nakoroma. Akanifundisha kuamka: geukia ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mikono. Nikakaa! Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mwaka ule alipotoweka bila kuaga, alikuwa kwa dada yake, kitandani, mgongo umekataa. Alilishwa kwa kijiko. Alikuwa akilia chooni. Miaka yote hii nami nikidhani kanikimbia kwa maringo!

Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akasema, "Ungekuja kuniona, halafu kesho yake urudi kubeba peke yako? Nisingeweza kulivumilia hilo."

Halafu akaanza wimbo wetu wa boriti, kwa sauti ya chini. Nikaitikia. Mke wangu akasimama mlangoni na birika, chai ikapoa humo humo, hakuna aliyejali.

Jumamosi, 16 Machi

Naweza kutembea! Pacha kaongea na msimamizi. Siendi getini! Nitakuwa msaidizi wake, nionyeshe vijana namna ya kubeba bila kuumia. Sharti moja: nianze kazi nikiwa nimepona kabisa. Nimeapa. Mke wangu kalia. Mimi pia, na safari hii sikusingizia dawa.

Jumapili, 24 Machi

Kesho naanza kazi. Mke wangu anataka kabati lisogezwe dirishani. Pacha kaahidi kuja saa kumi na toroli, tulibebe wawili. Mke katoka kwenda kwa jirani, kaniachia onyo kali.

Nimelitazama kabati. Siku ya harusi yangu tulilipandisha ngazi, mimi na Pacha, nami nimevaa suti! Mke wangu alikuwa juu akituchungulia, akicheka. Nikasema moyoni: akirudi alikute dirishani. Atacheka vilevile. Na sasa nimefundishwa. Nimekunja magoti. Mgongo umenyooka. Tumbo karibu na mzigo. Kila kitu kama mwalimu alivyosema, isipokuwa kungoja mtu.

Kabati limesogea. Limesogea kwangu! Sasa liko mbele, ukuta uko nyuma, mimi niko katikati. Heri daftari lilikuwa mfukoni. Mlango unagongwa. Nimemwitikia Pacha aingie taratibu, eti nalipima kabati.

Kosa ni la kabati, limejaa nguo. Nikichomoka hapa, nitajaribu friji.