Namba Nne kwenye Orodha ya Marlène

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimepewa madaraka. Mdogo wangu Marlène anaolewa Jumamosi na Merdi, fundi umeme mwenye asili ya Musumba, wilaya ya Kapanga. Wageni mia moja na arobaini wanakuja Kolwezi. Wetu wanatoka Mbuji-Mayi. Wa Merdi wanatoka kule Kapanga, siku nne barabarani. Wengi hawajawahi kuona mji wetu. Watakula wapi? Watakunywa wapi?

Marlène ameandika orodha. Mahali sita ambapo yeye na Merdi wanapenda kula na kunywa, na neno dogo chini ya kila mahali. Kazi yangu ni kuichapisha na kuwagawia wageni. Amenitazama machoni akasema nichapishe tu. Akarudia. Yaya René, ndivyo anavyomwita kaka yake mkubwa, kuchapisha tu.

Hajui anaongea na nani. Watu mia moja na arobaini watatembea mahali ambapo karatasi yangu itawaambia watembee! Hata gavana hana watu wanaomtii hivyo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza ukaguzi. Mtu hawezi kuchapisha mahali ambapo hajaonja.

Namba moja: michopo, nyama choma ya mbuzi, kwa Tata Mulumba, mtaa wa Manika. Marlène ameandika: "Omba ubavu, fika kabla ya saa saba." Nilifika saa nne, nikaomba ubavu. Tata Mulumba anakata mbuzi mzima huku akibishana na watu wanne kuhusu mpira, hatazami kisu hata mara moja. Nilisahau kutafuna.

Namba mbili: terasi ya Mama Adèle, bia baridi na finkubala, wale viwavi wa kukaangwa. Marlène: "Hapa Merdi alinyamaza saa nzima, nikajua ananipenda." Nimekaa hapo saa moja, kimya. Hakuna aliyenipenda.

Namba nne ni malewa ya Mama Wivine, kibanda cha chakula mtaa wa Musonoi. Mabenchi matatu, moshi, maharagwe. Marlène: "Hapa tulionana mara ya kwanza. Msiondoke Kolwezi bila kufika." Sikwenda. Vumbi la Musonoi mwezi huu wa nane linaingia hadi ndani ya soksi.

Badala yake nimeingia Belvédère, mkahawa mpya wa ghorofa mbili. Mungu wangu! Kuna ukuta mzima wa maji na samaki hai ndani yake. Vitambaa vya meza vimekunjwa kama ndege. Sikuthubutu kukikunjua changu, niliona kama nitamuua. Chooni, nilinyoosha mkono tu na bomba likatoa maji lenyewe. Nikaurudisha mkono, likanyamaza. Nimefanya hivyo mara kumi na moja. Mtu mmoja alikuwa anasubiri nyuma yangu.

Meneja anaitwa Monsieur Mechack. Anatembea bila sauti, kama paka mwenye tai. Alisema kwamba mtu anayemletea wageni wa harusi anastahili meza yake mwenyewe kando ya dirisha, na kibao cha shaba chenye jina lake.

Shaba! Mji mzima tumeikalia shaba. Tunaichimba, inapita barabarani kwenye malori kila siku, inakwenda duniani kote. Hakuna hata kipande kimoja chenye jina langu.

Mahali lazima pabaki sita. Mahali pamoja patoke ndipo pengine paingie. Nimefikiri sana, karibu dakika mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimechapisha. Belvédère ni namba nne. Karatasi nzuri nzito, maua pembeni.

Halafu akaja Gael. Gael ni rafiki wa Merdi, amepewa kazi ya magari ya wageni, na tangu apewe anatembea na daftari. Alisoma orodha yangu mara mbili akauliza Mama Wivine yuko wapi. Nikajibu kwamba amefunga, amekwenda Likasi kwenye kilio, amefiwa. Maneno yalitoka yenyewe, kama lile bomba. Gael akasikitika sana. Akaandika kwenye daftari.

Sipendi mtu anayeandika.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Gael ana moyo mwema, na hiyo ndiyo hatari yake. Jana aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba Mama Wivine amefiwa. Leo asubuhi mama kumi na wanne wamekwenda Musonoi na vitambaa kichwani ili kusaidia kulinda nyumba. Wakamkuta mwenyewe anachambua maharagwe. Wakafikiri amerudi. Wakaanza kulia. Mama Wivine alipoona mama kumi na wanne wanalia mlangoni kwake, naye akaanza kulia, akipiga kelele: "Ni nani mwenye kufa? Muniambie, ni nani mwenye kufa?" Wakaona huzuni imemchanganya akili, wakalia zaidi. Wachimbaji waliokuwa wanakula wakavua kofia. Mmoja, anasema mama yangu aliyekuwepo, alilia juu ya sahani mpaka mchuzi ukazidi.

Ikachukua nusu saa kugundua kwamba hakuna aliyekufa. Halafu wakauliza nani alileta habari. Gael. Na Gael aliambiwa na nani?

Nimemwambia Gael nilimaanisha Wivine mwingine. Akauliza yupi. Nikasema hamjui. Akafungua daftari.

Alasiri wageni wa Mbuji-Mayi wamefika. Kati yao Tantine Tshiela, dada mkubwa wa marehemu baba yetu. Alizaliwa Musonoi. Aliondoka mwaka 1993, wakati ule watu wetu wa Kasai walipofukuzwa huku Katanga, akapanda treni na watoto watatu na godoro. Hajarudi tangu siku hiyo. Ni mfupi kuliko kwenye picha. Alivaa miwani akasoma orodha yangu neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Akauliza Musonoi kuna nini siku hizi cha kula. Nikasema hakuna kitu, ni vumbi tu.

Akaikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, akaitia ndani ya blauzi.

Ijumaa, 8 Agosti, saa saba mchana

Ninaandika haya chooni Belvédère, kando ya bomba.

Nimemleta Tantine na wageni kumi na mmoja. Waliingia, wakasimama pale pale. Ukuta wa samaki uliwashinda wote. Mzee mmoja alivua viatu. Nilivimba kama mandazi. Kisha chakula kikaja. Sahani kubwa kama usukani wa lori, na katikati kipande cha samaki kama kiatu cha mtoto mchanga. Hakuna bukari, ule ugali wetu. Tantine aliuliza sahani hii wameikopa kwa nani. Mzee wa viatu aliuliza kama huo ndio mfano na chakula chenyewe kiko njiani.

Hapo Monsieur Mechack akafika bila sauti, akaweka kibao mezani mbele ya watu wote. Shaba nyekundu inayong'aa.  Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Tantine akavaa miwani, akasoma kwa sauti: RENÉ MPOYI, RAFIKI WA NYUMBA.

Akauliza ni kwa nini. Monsieur Mechack, kwa adabu yake yote, akamweleza kila kitu.

Tantine hakupandisha sauti. Alisema: "Marlène aliniambia kwa simu juu ya maharagwe ya Musonoi. Nilingojea siku mbili mule ndani ya treni nikiwaza ile maharagwe. Na weye uliyauza juu ya hii kadude?"

Nimesema ninakwenda kunawa mikono. Bomba linanitii bado. Ni hilo peke yake.

Ijumaa, jioni

Tantine alinisubiri mlangoni. Alisema twende. Gael alikuwa nje na gari, bila shaka! Lakini Tantine alitaka pikipiki yangu, kama zamani alivyopanda baiskeli. Akakaa nyuma yangu, akanishika kiuno kwa nguvu kuliko polisi.

Musonoi, akaniambia nisimame. Mbele yetu barabara inakwisha, halafu kuna waya, halafu hakuna kitu. Shimo la mgodi. Nimeliona mara elfu moja na sijawahi kuliona. Kuta zake zinashuka kama ngazi za jitu, nyekundu, kijani, kijivu, na malori huko chini ni kama siafu. Tantine akanyoosha kidole hewani, katikati ya ule uwazi mahali ndege wanaruka.

"Nyumba yangu ilikuwaka pale," akasema.

Nikatazama. Ndege mmoja alipita katikati ya sebule yake.

"Mulango ilitazama huku. Pale, kidogo juu, njo nilizaa mutoto yangu Stéphane."  Kisha akashangaa, kweli akashangaa kama mtoto: "Banabeba na udongo yote. Hata udongo, René. Banaipeleka wapi?"

 Mimi, mwenye majibu kila siku, nikaanza kuhesabu malori.

Tukaenda kwa Mama Wivine kwa miguu. Nilitembea nyuma. Mama Wivine alikuwa ameinama motoni. Aliponiona alisimama na mwiko mkononi, na nikajua kwamba jina langu limefika hapa kabla yangu. Lakini mwiko haukunijia. Alimwona aliye mbele yangu.

"Mama Tshiela wa mulango ya kijani?"

Tantine akavaa miwani. Akaivua. Walishikana, na wachimbaji wakaacha kula kwa mara ya pili wiki hii. Kumbe Wivine alikuwa msichana wa jirani, wa miaka tisa, siku ile ya treni. Akamvuta Tantine hadi motoni akamwonyesha sufuria kubwa lililokuwa linatokota. Ubavuni, kwa ncha ya msumari, mtu aliandika zamani: T.K., herufi za jina la Tantine.

"Ulisema nichunge," Mama Wivine akasema. "Ulisema utarudia kisha siku mbili. Nilikuwaka nachunga."

Miaka thelathini na miwili! Maharagwe ambayo Merdi alikuwa anakula siku alipomwona Marlène yaliiva ndani ya sufuria la shangazi yetu. Hakuna aliyejua. Nimekaa kwenye benchi. Macho yangu yalitoa maji, na moshi ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Tantine alikataa kulichukua sufuria. Alisema chombo kinachofanya kazi hakiondolewi motoni. Akala sahani tatu.

Mama Wivine akaniletea na mimi sahani. Imejaa, na kipande cha nyama juu. Akaniambia kwa upole: "Kula, tata. Kilio inachokeshaka." Wachimbaji wote wakacheka. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa. Sijawahi kula kitu kizuri hivyo na sijawahi kujisikia mdogo hivyo, vyote kwa kijiko kimoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi Tantine alinipa kalamu. Nikasimama mlangoni mwa kanisa na suti yangu ya bluu, nikimwomba kila mgeni karatasi yake, nikikata Belvédère na kuandika kwa mkono: Mama Wivine, Musonoi. Mara mia moja na arobaini. Wazee wa Musumba wakafikiri mimi ni mtu wa kutoa saini, wakapanga foleni. Gael alinishikia daftari niandikie juu yake.  

Baada ya misa, wote wakaenda. Wote! Magari, pikipiki, miguu. Mia moja na arobaini kwenye mabenchi matatu. Majirani wakatoa viti, wakang'oa milango yao wakaiweka juu ya matofali iwe meza. Wa Kapanga wakakaa na wa Mbuji-Mayi, goti kwa goti, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukaa mbali. Babu wa Merdi na Tantine walikula kwenye sahani moja. Sufuria halikukauka. Nilihesabu mara ngapi mwiko uliingia, nikapoteza hesabu.

Marlène alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gauni jeupe, pindo jekundu kwa vumbi. Akaniita. Nikafikiri atanipiga kwa maua.

"Nilijua tangu Alhamisi," akasema. "Gael aliniambia. Ningeweza kumupa yeye ile kazi."

Nikauliza kwa nini hakumpa.

"Juu weye njo yaya wangu moja tu. Nilitaka uandike na weye kitu ndani ya ndoa yangu." Akatazama ile milango, wale watu, ule moshi. "Sasa umeandika. Mara mia moja na arobaini."

Akanilisha kijiko cha maharagwe mbele ya watu wote. 

Nimeapa leo, hapa, kwa mkono wangu: mimi ni mtu mpya. Mwisho wa mipango. Mwisho wa maneno yanayotoka yenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wanaondoka. Nilikuwa nafunga mizigo yao, mtu mpya, nikiongea kidogo, aliponijia binamu yetu Tina wa Likasi. Anaolewa mwezi wa kumi. Wageni mia mbili na hajui watalala wapi. Alisema ameona jinsi watu walivyopanga foleni mbele yangu kanisani, wazee wazima, kila mmoja na karatasi yake. Akauliza kama nina uzoefu wa mambo haya.

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo kwa ajili hiyo.

Inatokea kwamba namjua bwana mmoja Likasi anayejenga nyumba ya wageni. Ghorofa tatu! Itakuwa na bwawa la kuogelea juu ya paa, maji yakitazama milima. Kitu cha kutisha kwa uzuri. Bado paa tu. Na vyumba vya ghorofa ya pili. Ameniambia kwa simu kwamba akipata wageni mia mbili kwa mpigo, atakipa kile chumba kikubwa jina langu.

Nimemwambia Tina asihangaike tena. Alale usingizi. Wageni wote aniachie mimi.