Taa ya Bihogo

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Nimepata! Mimi Théogène, fundi wa redio wa Mushaki, nimepata kile ambacho wenye akili wa Ulaya bado wanakitafuta. Tena kabla ya kunawa uso.

Maneno ni haya. Nina pile ya hidrojeni, aina ya betri, niliyopewa kwenye mafunzo kule Goma. Unaingiza hidrojeni upande huu, hewa upande ule, na katikati kuna karatasi iliyopakwa platini. Platini njo inavikutanisha vizae umeme. Karatasi yangu imechakaa, na platini iko ghali vibaya. Lakini nimesoma kwenye simu: chuma na nitrojeni, vikichomwa pamoja mpaka viwe makaa, vinaweza kufanya kazi ileile. Viko wapi vyote viwili? Ndani ya damu! Na damu iko wapi? Masisi yetu hii ya ng'ombe nzima inatembea kwa miguu minne!

Jirani yangu Bisengimana, anayechaji simu za watu kwa panneau yake ya jua, atafunga duka. Ukungu wa hapa unamukatia jua kila mara na bado anajiita directeur. Atakuja kuniomba umeme. Nitamuambia angoje kwenye foleni.

Jumatano, tarehe 5

Mungu hamusahau muntu wake. Bihogo amekufa! (Pole yake.)

Bihogo ni ng'ombe mwekundu wa muke wangu Byukusenge, mukubwa wa zizi, aliyetoka naye kwao Sake tulipooana. Wachungaji walikuwa wanamushusha sokoni Sake, akapotea njia akaingia shimo la mazuku. Ile hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, inatulia chini mabondeni. Ukilala mule huamki. Hata kiberiti hakiwaki. Kila mutoto wa Sake anajua.

Walimuvuta kwa kamba. Nilifika na beseni wachinjaji wakiwa bado wananoa visu. Byukusenge alikuwa analia. Akauliza beseni ni la nini. Nikasema ni la heshima.

Ijumaa, tarehe 7

Nimechoma damu kwenye mbabula, jiko letu la makaa, tangu asubuhi. Harufu! Bisengimana alichungulia uani akauliza kama leo tunapika viatu. Mushenzi. Nimepata unga mweusi, laini kabisa, nikaupaka kwenye karatasi.

Hidrojeni natengeneza kwa vipande vya sufuria kuukuu na soda ya sabuni. Shida ni chombo cha kuifungia. Ndoo inavuja. Bidoni inavuja. Kisha macho yangu yakaangukia kile chombo cha muti cha maziwa, Byukusenge alichopewa na mama yake. Hakitoi hata tone! Nikakiazima bila kusumbua muntu.

Nikaunganisha taa ndogo na pile. Haikuwaka.

Jambo moja dogo. Ng'ombe waliobaki wamekuja wote kuzunguka jiko ninamofanyia kazi. Hawali, hawalii. Wanatazama mulango tu. Byukusenge alikwenda kukamua, maziwa yakakataa kutoka. Nikamuambia ni majani ya msimu huu.

Jumapili, tarehe 9

Imewaka! Lakini si vile nilivyopanga.

Kwao Byukusenge, wakati wa kukamua kila ng'ombe anaitwa kwa jina lake. Akifa, jina linapumzika mpaka ndama wake alirithi. Leo asubuhi, kwa huzuni na mazoea, ulimi ukamuteleza. Akaita Bihogo, kwa ile sauti ya kubembeleza. Na taa ikawaka jikoni! Hidrojeni yote ilikuwa imekwisha tangu jana. Nikajaribu mwenyewe, nikaita Bihogo polepole. Ikawaka nyekundu, ikafifia, ikapanda tena, kama kitu kinachopumua. Nje ng'ombe wote wakainua vichwa kwa pamoja.

Yesu! Nikakimbilia mulango. Halafu nikafikiri vizuri. Bila hidrojeni! Si njo rahisi zaidi?

Byukusenge akaingia kuangalia nani anaita. Akaona chombo chake kimepakaa ule unga mweusi wa damu. Hakupiga kelele, na hiyo iliniogopesha kuliko taa. Alisema chombo cha maziwa hakikutani na damu hata siku moja. Alisema jina la aliyekufa haliitwi, maana litaitika. Akasema nichague, taa ao yeye.

Nikamuomba anipe muda kidogo wa kufikiri.

Jumatatu, tarehe 10

Ameenda kwao Sake, na ng'ombe wote. Nimekunywa chai kavu, nikalia kama mutoto. Nyumba hii bila yeye haifai kitu. Hakuna wa kunigombeza.

Bisengimana alikuja kunipa pole. Akashauri niende kuomba musamaha na mbuzi mukononi, na hiyo taa niitupe kabisa. Wivu mutupu! Nitakwenda, ndiyo, lakini na taa. Mama mukwe akiona salon yake ya wageni inang'aa, atamurudisha binti yake mwenyewe.

Jumanne, tarehe 11

Sake. Mama mukwe, Mama Euphrasie, alisema nami akiwa nyuma ya mulango, kama heshima inavyotaka. Hakutaka kuona taa. Alisema nitupe ule uchafu, nioshe chombo cha mutoto wake, nirudi mikono mitupu. Basi.

Ndani nikasikia kikohozi ninachokijua. Byukusenge! Akasema nikifanya hivyo atarudi Mushaki leo, leo hii. Nikaapa kwa Biblia, nikaondoka mbio.

Nilikuwa nakwenda kutupa. Kweli kabisa. Lakini njiani nikaita Bihogo mara ya mwisho, kwa kuaga tu. Taa ikawaka vizuri kuliko Mushaki. Nikatembea kidogo, nikaita tena, ikazidi. Kumbe inapata nguvu ikikaribia pale alipoangukia! Fundi gani angeacha hapo?

Jumanne hiyohiyo, shimoni

Nimeshuka mpaka chini, nimekaa palepale alipolala. Nafasi muzuri, na hakuna muntu anayeitumia. Watu wa Sake hawajui kuchangamukia mambo. Kimya sana. Ndege wawili wamelala kwenye majani, hata sikuwashtua.

Nilitaka kiberiti nione waya vizuri. Kimekataa. Kingine kimekataa. Siku hizi wanatuuzia takataka.

Kichwa kizito, njaa bila shaka. Sasa kazi. Nimeita Bihogo: taa ikawaka. Basi kwa sayansi nikajaribu majina mengine. Nikaita Bisengimana: giza. Hana umeme hata kwa jina! Nikaita Byukusenge: giza kabisa. Mukaidi mpaka ndani ya waya.

Nikaita Théogène.

Iliwaka nyeupe, nyeupe kweli, na haikuzimika. Jina langu mwenyewe! Bila platini, bila hidrojeni, sasa hata ng'ombe hatumuhitaji! Nimecheka mpaka pumzi ikakatika, na bado haijarudi sawasawa.

Ng'ombe wetu wamefika juu ukingoni. Wamesimama wakizunguka shimo, wananitazama vile walivyokuwa wanatazama mulango wa jiko. Byukusenge iko katikati yao, kitenge kimemuanguka. Analia, anaita jina langu kwa ile sauti ya kukamulia, anaita watu walete kamba. Na kila akiita, taa inapanda!

Nimemupungia mukono aendelee. Nitalala hapa kidogo, halafu nitapanda nimueleze.