Chanjo ya Ndoo

Watu wengine wakitazama roshani huona nguo zilizoanikwa. Mtaalamu aliona ndoo.

Alikuwa gengeni, chini ya jumba la ghorofa nne, akijifanya anachagua limau, huku wapangaji wakiililia bei ya mchicha kana kwamba wamefiwa. Akainua macho. Kila roshani ilikuwa na ndoo nyeupe za lita ishirini, zilizoachwa na mafundi rangi. Muuza ndoo wa sokoni angezipokea kwa mikono miwili.

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe, maana angengoja wenzake wampe angezeeka. Mtaalamu wa nini, ilitegemea siku. Mali yake yote duniani ilikuwa ulimi na koti la kijivu lenye kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Na ulimi bila koti, alijua, ni kelele tu. Siku moja alijaribu kuuza dawa ya panya akiwa na fulana. Watu wakamuuliza kama amekula.

"Jamani, mboga mnanunua ya nini?" akaanza. "Kila mtu na bustani yake roshanini. Bure! Sichukui hata senti."

"Mjomba, cha bure ni ghali," akasema msusi wa ghorofa ya kwanza.

"Dada yangu, ghali ni ujinga."

Wakacheka. Na mtu akishacheka, mlango wake mmoja uko wazi.

"Mnanipa ndoo zenu, ofisi yetu inazichanja, Jumatatu nazirudisha."

"Ndoo inachanjwa?"

"Mtoto anachanjwa, ng'ombe anachanjwa, ndoo imekosa nini? Wadudu hujificha kwenye plastiki! Na ndoo ya bustani lazima itobolewe chini, maji yatoke. Bila tundu, mboga inazama."

Hilo la tundu alilisikia redioni. Ndilo neno pekee la kweli alilosema siku ile, na ndilo lililomponza.

Bibi wa ghorofa ya nne alikuwa ameshuka ngazi moja moja, mkono gotini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenena. Udongo mzuri umejaa hapo nyuma, magoti yangu ndiyo yamegoma kuupandisha. Sasa tuoneshe mfano. Pandisha ndoo moja ya udongo kila roshani, halafu tukupe zote zilizobaki ukazichanje."

"Eeh, mfano!" wakaitikia wapangaji.

Mtaalamu akapiga hesabu. Roshani nane, ndoo nane. Zilizobaki, thelathini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akashika sepetu.

"Vua koti, baba, utalichafua," Bibi akasema, akalipokea kama anapokea kichanga.

Ndoo ya kwanza aliipandisha akipiga mluzi. Ya tatu mluzi ukakata. Ya sita akamwita mama yake, na mama yake alikuwa mbali sana. Alipotua ya nane na kushuka kwa makalio, alikuta ndoo thelathini zimeshapangwa kwenye mkokoteni wa genge, moja ndani ya nyingine, safi, zinang'aa. Uchovu wote ukamtoka.

"Bibi, koti langu."

"Nimelifua, mjukuu wangu. Kola ilikuwa inasikitisha. Jumatatu ukirudisha ndoo utalikuta limekauka."

Akasita kidogo. Kisha akajiambia kwamba ndoo thelathini zitanunua makoti mawili, akausukuma mkokoteni mbio.

Sokoni, muuza ndoo alichukua moja, akaiinua usoni, akamtazama Mtaalamu kupitia kitako chake.

"Kaka, hii ni ndoo au chujio?"

Matundu matano. Akachomoa ya pili: matano. Zote thelathini zimetobolewa kwa msumari wa moto, kwa ufundi, bado zinanuka kuungua.

"Mimi ndoo ya kuvuja simuuzii hata adui yangu," muuza ndoo akasema. "Na wewe mbona uko na fulana? Umekula?"

Hapo ndipo maumivu yalipoingia. Hana ndoo, hana koti. Na mjanja bila koti ni mtu tu, na watu tu hufanya kazi. Akageuza mkokoteni.

Bibi alikuwa ameegemea ukingo wa roshani yake, kama anayengoja posta.

"Umesharudi? Zimechanjwa?"

"Zimechanjwa, Bibi."

"Mbona upesi hivyo?"

"Zilikuwa… zina afya."

Jumba zima likacheka. Msusi akajishikilia mlangoni.

"Ulisema lazima tundu," Bibi akasema kwa upole. "Wakati ule unapanda na kushuka, tukakupunguzia kazi. Haya, zijaze udongo uzipandishe. Koti lako lipo."

Akapandisha thelathini. Msusi alimhesabia ngazi kwa sauti, ili asichoke peke yake. Ndoo ya mwisho ilipotua ghorofa ya nne, Bibi alikuwa akifukia mbegu za mchicha kwa kidole, mstari umenyooka kama uzi.

"Bibi, haya umejifunzia wapi?"

"Kitalu cha miche, miaka ishirini na sita. Ila chanjo ya ndoo, ndiyo kwanza naisikia kwako."

Mtaalamu akageuka kutafuta mali yake. Ilikuwa katikati ya ndoo, imetundikwa kwenye mpini wa ufagio, mikono imenyooshwa, kalamu tatu mfukoni.

"Hilo si koti langu?"

"Lako. Liache mpaka mbegu zichipue, mjukuu wangu," Bibi akasema, akilinyoosha kola. "Tangu nilisimamishe hajatua ndege hata mmoja. Wenyewe wameliamini."