Konokono Ndani ya Lava

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya mwisho ya mkataba kisiwani. Nafasi ya kudumu ni moja tu: msimamizi wa sampuli. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Miwani, ninayelala naye chumba kimoja. Yeye keshachimbua visukuku tisa, mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Mimi? Sifuri! Mke wangu kapiga simu: mama mkwe ameshawatangazia ndugu wote kwamba kazi nimeipata. Ananitakia mema au ananichimba?

Jumanne, 4 Juni
Nina kombe la konokono, nililiokota ufukweni. Nina gundi. Nina jiwe la lava, jeusi, zito, la kupendeza. Kazi imekwisha! Miwani akauliza mbona chumba kinanuka gundi. Nikamjibu natengeneza kiatu. Akaviangalia viatu vyangu vyote viwili, akafungua dirisha. Mbea mkubwa.

Jumatano, 5 Juni
Aibu! Mkuu wetu, mama mwenye subira ya kutisha, akaligeuza jiwe mara mbili, kisha mbele ya watu wote:

“Bwana, lava hutoka na moto wa kuyeyusha shaba. Huyu konokono wako alipona vipi?”

Miwani akashikwa na kikohozi. Mkuu akaeleza taratibu, kama kwa mtoto wa chekechea. Visukuku vya hapa vimo kwenye tabaka za majivu. Volkano ilitema, majivu yakawafunika viumbe, yakagandamana hadi yakawa mwamba. Lava huunguza, majivu huhifadhi. Mbona sikuambiwa? Miwani anadai tuliambiwa siku ya kwanza. Labda nilisinzia kidogo. Mkuu kanipa nafasi ya mwisho: kesho nikapasue mawe ya majivu, peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Jua, vumbi, nyundo. Mgongo huu si wangu tena. Saa tisa jiwe likapasuka: jani! Jani karibu zima, na mishipa yake, limelala ndani ya majivu. La kweli! Nimelia, nakiri. Nikampigia mke wangu, naye akanisihi nilipeleke kwa Mkuu vilevile lilivyo. Kwani anadhani nitalifanya nini?

Ijumaa, 7 Juni
Mkuu anakuja saa nne. Nimelitazama jani tena. Zuri, ila limefifia mno. Mishipa mingine huioni mpaka ukodoe macho. Mkuu ana shughuli nyingi, hatakodoa. Basi nimechukua kalamu ya wino na kuipitia yote, mmoja mmoja, kwa mkono mwepesi. Ncha ilikuwa imekatika, nimeimalizia. Sasa linaonekana hata ukiwa mlangoni! Miwani kaliona, kakaa kitandani, kajishika kichwa. Wivu huo.