Agizo la Kupiga Marufuku Kuoza

“Kuanzia leo, kuoza ni marufuku katika mji wetu wote!”

Ndivyo nilivyotangaza, mimi Mkurugenzi wa Usafi na Mwonekano, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Msajili wa ndoa ndiye aliyepiga zaidi. Huyo bwana hupiga makofi hata kipaza sauti kikizima.

Agizo lilisema: “Ni marufuku kwa mtu au kitu chochote kuoza.” Neno “mtu” nililiongeza kwa mkono wangu, maana agizo lisilogusa watu halina uzito. Nikamalizia kwamba agizo halibagui mdogo wala mkubwa. Inapendeza kwenye hotuba.

Tukaanzia bustani ya ofisi, ambako sherehe ya harusi ya binti yangu ingefanyika baada ya msimu wa mvua. Wakwe zangu watarajiwa ni watu wa kukagua mpaka kucha, nami sikutaka wakute hata jani moja bovu. Tukamwaga dawa kwenye udongo mpaka tukakohoa.

Binti yangu, mwalimu wa baiolojia, akaja akashika kiuno.

“Baba, umeua bakteria wote?”

“Tumewaachisha kazi. Hawakuwa na vitambulisho.”

“Sasa nani atayavunjavunja haya majani? Nitrojeni imefungiwa humo ndani. Bakteria na kuvu ndio wanaoifungua, mizizi ipate kula. Kaboni nayo wanairudisha hewani, mimea inaivuta tena. Vyote vinazunguka, baba!”

“Kuzunguka bila kibali, mwanangu, ni uzururaji.”

Akaondoka akicheka, ila si kwa furaha. Majani yakazidi kurundikana, makavu, hayaendi mbele wala nyuma, kama majalada yetu. Majani ya maua yakawa ya njano. Nikaagiza yapakwe rangi ya kijani, na kwa mbali yalipendeza sana.

Siku ya harusi msajili akaketi, akafungua kalamu.

“Na wewe, mkubwa, uko hapa kama nani?”

“Swali gani hilo? Mimi ni baba. Naoza binti yangu!”

“Unafanya nini?”

“Naoza!”

Akafunika kalamu. “Basi hapo nimekwama. Kuoza ni marufuku.”

“Acha mzaha wewe! Huko ni kuoza kwingine.”

“Agizo halikusema kupi. Limesema mtu au kitu, na halibagui mkubwa. Limebandikwa pale mlangoni, na saini yako.”

Mama wa bwana harusi akauliza kwa sauti, “Jamani, tukae au twende zetu?” Mke wangu akanitupia lile jicho. Binti yangu machozi yalimlengalenga. Nilimwonea huruma, na nafsi yangu nikaionea zaidi. Nikanyakua kipaza sauti.

“Kuanzia sasa, kuoza ruksa!”

“Hata majani?” binti akadakia, machozi yamekauka ghafla.

“Hata majani!”

Vigelegele hivyo! Msajili akapiga makofi, kisha akaandika.

Sasa bustani imenawiri, haihitaji rangi. Wizara imekuja, imekagua, imeona kazi yote inafanywa na bakteria, tena bila posho wala semina, ikaivunja idara yangu. Mimi sikufukuzwa, la hasha. Barua inasema nimerudishwa kwenye mzunguko. Meza yangu mpya iko nyuma ya lundo la mboji, na kitambulisho bado sijapewa.